Kitenge cha Kijani Huko Wollongong

Hortense aliijua picha ya sita kabla Georges hajaisukuma ndani ya mashine ya kuonyeshea picha.

Alikuwa ameketi mstari wa pili, bega kwa bega na mama wa mchumba wake Urbain, mikono imetulia mapajani kama inavyompasa msichana anayechunguzwa na ukoo mzima. Mbele yao, kwenye ukuta wa ukumbi wa Cercle, klabu ya wafanyakazi, lilitundikwa shuka jeupe. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, ingawa nje ilikuwa saa tisa ya mchana na jua la Agosti lilikuwa linaichoma Likasi bila huruma. Ndani ya giza hilo la kutengenezwa, Hortense alijiambia moyoni: sasa litakuja bwawa lililochongwa katika mwamba, na bahari itakuwa inaruka ukuta kuingia ndani yake. Mashine ikalia, klak. Bwawa likaja. Bahari ilikuwa inaruka ukuta.

Akajituliza. Labda Urbain alimwandikia habari hiyo, naye akasahau. Msichana mwenye mapenzi husoma barua moja mara kumi na bado akasahau nusu yake, kwa sababu anachotafuta humo ni neno moja tu.

Urbain alikuwa na majuma matatu tu tangu arudi. Mwezi wa Septemba wa mwaka uliotangulia, 1969, Kampuni ya shaba ilimtuma yeye, fundi wa maabara kwenye kiwanda chake cha Shituru, aende kujifunza kazi upande wa pili wa dunia, Australia, kwenye kiwanda cha shaba karibu na mji wa pwani uitwao Wollongong. Jina hilo liliwafurahisha watu wa Likasi kupita kiasi. Walisema lazima kuna chifu Mluba aliyefika kule zamani akaliacha. Ilikuwa desturi kwamba mtu aliyetumwa ng'ambo akirudi, Jumapili moja asimame Cercle awaonyeshe wenzake alichokiona, na siku hiyo watu walijaa na karanga zao, na watoto wao, na maswali yao ya uchokozi.

Urbain hakuonyesha kiwanda. Aliwaambia shaba wanaijua, ukumbi ukacheka, na yeye akacheka na mabega yale mapana ambayo Hortense aliyakosa miezi kumi na moja. Alionyesha mahali ambapo watu wa Wollongong huenda kujifurahisha siku ya mapumziko. Kulikuwa na mnara mweupe wa taa juu ya kilima cha majani. Kulikuwa na mlima Keira, ambako unapanda kwa gari mpaka juu, unasimama, unauona mji wote chini yako kama ramani na baada yake bahari isiyo na mwisho. Papa Augustin, ndugu wa mama yake Urbain, aliuliza kutoka mstari wa mbele watu hao wakishafika juu hufanya nini. Urbain akajibu kwamba huangalia, kisha wanashuka. Papa Augustin akataka kujua kama hawana kazi nyumbani. Watu walicheka mpaka mtu akaangusha chupa.

"Tonton, na sisi tuko na vya kuangalia," Urbain akasema. "Maji ya Mwadingusha inaanguka muzuri kupita hata ya kule. Tunakosa tu banc ya kuikalia."

Lazima niseme jambo moja kuhusu hizo picha, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Urbain mwenyewe hakuwa ameziona. Filamu ya rangi, pelikile kama wanavyoiita Likasi, hupelekwa Ulaya kusafishwa, na kisanduku kilifika posta Ijumaa. Georges, rafiki yake mwenye mashine, alizipanga kwa kufuata namba zilizoandikwa pembeni, na hakupoteza muda kuziangalia dhidi ya mwanga. Kwa hiyo mchana ule watu wote walikuwa wanaziona kwa mara ya kwanza pamoja.

Na jambo lingine. Jumamosi iliyokuwa inakuja, wazee wa Urbain walipaswa kwenda ziwani Tshangalele, kwa baba yake Hortense, kuweka tarehe ya ndoa. Hortense alifundisha ushonaji kwenye nyumba ya akina mama ya Kampuni, alivaa viatu vya kisigino na aliandika Kifaransa kizuri, lakini baba yake alikuwa mvuvi, na Mama Élise, mama yake Urbain, hakuwahi kulisahau hilo. Hakuwahi pia kusema ndiyo kwa kinywa chake. Wakati wa Pasaka alimletea Hortense kitenge, cha kijani chenye majani mapana ya njano, akamwekea mikononi bila maneno mengi. Watu wote walikichukua kama jibu. Hortense alikishona kwa mikono yake, na siku hiyo ya picha alikuwa amekivaa, nguo na blauzi na kitambaa cha kichwani, ili mama mkwe afurahi.

Picha ya saba ilikuwa ya mji mdogo uitwao Kiama. Urbain alieleza kwamba ni mahali unapofika kwa treni, kusini mwa mji, na kwamba mwamba wa pale una tundu. Wimbi likiingia chini, maji hulipuka kupitia tundu hilo kwenda juu kuliko nyumba ya ghorofa, watu wanakimbia huku wanacheka, kisha wanarudi kungoja tena. Kabla hajamaliza, Hortense alihisi chumvi midomoni. Yeye ambaye maji yake yote maishani yalikuwa ya ziwani, maji baridi yenye miti mikavu iliyosimama katikati tangu bonde lilipofurika, alihisi chumvi, na shingo yake ikapata ubaridi kama mtu aliyenyeshewa.

Mashine ikalia. Nguzo ya maji meupe ilisimama kwenye shuka. Wazungu wenye makoti walikuwa wamejipanga kwenye uzio wa chuma. Na mwisho wa uzio, peke yake, alisimama mwanamke mweusi aliyevaa kitenge, mgongo umeelekea ukumbini.

Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kumbe hata kule kuna watu wetu. Urbain alikuwa amelisogelea shuka mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia kwenye picha. Baada ya muda alimwambia Georges aendelee.

Picha ya nane ilikuwa mnara mdogo wa taa wa zamani, uliosimama mwisho wa ukuta wa bandari. Mwanamke alikuwa juu ya ukuta, karibu zaidi. Picha ya tisa ilikuwa njia ya pwani yenye miti mirefu iliyopandwa kwa mstari. Alikuwa chini ya mti wa tatu. Sasa rangi zilionekana vizuri: kijani, na majani mapana ya njano, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo upande wa kushoto. Hata watoto waliacha kutafuna. Kisha, mmoja mmoja, watu wakaacha kuliangalia shuka wakaanza kuuangalia mstari wa pili.

Hortense alipeleka mkono kwenye fundo lake la kushoto. Hakujua kwa nini alifanya vile, na ingekuwa heri asingefanya. Mwanamke aliyekaa kushoto kwake alisogea, na benchi likalia. Mama Élise alichukua mkoba wake kutoka mapajani, akauweka katikati yao.

Neno lilitoka nyuma kabisa, na halikuwa la kelele. Bulozi. Uchawi. Mtu mwingine akalirudia, kisha mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo.

"Georges, fungua dirisha," Urbain akasema.

Jua likaingia na vumbi lake. Urbain alisimama mbele ya watu mia mbili na zaidi, shati limemshika mgongoni kwa jasho, akajilazimisha kutabasamu. Hortense alimfahamu vya kutosha kujua tabasamu lile lilimgharimu nini.

"Bandugu, muikale. Kosa ni yangu," alianza. "Mbele ya safari tulienda na Hortense ku Mwadingusha, kuangalia maji. Nilimupiga mafoto. Pelikile haikuisha. Njo nikafika kule, nikaingiza tena ile ile pelikile mu appareil ya mafoto, bila kujua. Sasa picha mbili zinalala moja juu ya ingine. Ni ile tu."

Georges, Mungu ambariki, alidakia palepale. Aliwahi kufanya kazi kwa mpiga picha mjini, na aliwahi kuona picha ya harusi ambayo bibi arusi alikuwa na baiskeli ndani ya tumbo. Alieleza kwa mikono, akazunguka, akajishika tumbo. Watu walianza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu kupita kichekesho chenyewe, kama wanavyocheka watu waliotoka kuogopa. Papa Augustin alisema basi angalau sasa wamejua kwamba mchumba anapendeza kwa mgongo. Wengine walinong'onezana jambo jingine: kumbe binti wa mvuvi alikwenda siku nzima na mwanaume Mwadingusha kabla mtu yeyote hajaenda kumwona baba yake. Lilikuwa jambo la aibu, lakini aibu ya kawaida, ambayo watu wanaijua, wataisema juma moja na kuisahau.

Hortense hakucheka. Hakuwahi hata siku moja kwenda Mwadingusha na Urbain. Baba yake angewavunja miguu wote wawili. Alikaa pale akiutazama uso wa mwanaume aliyesema uongo mbele ya mji mzima kwa ajili yake, bila kuombwa, bila hata kumtupia jicho kwanza, na alimpenda wakati ule mpaka kifua kikamuuma. Kisha hofu ikaja juu ya mapenzi. Kama Urbain alilazimika kusema uongo, basi naye hakuwa na maelezo mengine.

Mkono ulimgusa kiwiko. Ulikuwa wa Mama Élise.

"Kuya," alisema.

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Kule kulikuwa na bomba la maji, makreti ya chupa tupu na ukuta mrefu wenye maua mekundu, na kelele za ukumbini zilisikika kama za nyumba ya jirani. Mama Élise alikuwa mjane wa miaka kumi, mwanamke mrefu, msafi, mwenye rozari ndani ya mkoba na macho yasiyopepesa. Alisimama mgongo kwenye ukuta akamwangalia Hortense kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Ulienda naye ku Mwadingusha?"

Ndiyo moja tu ingetosha. Ingemfikisha Jumamosi, ingemfikisha kanisani, ingemfikisha kwenye nyumba ya Urbain yenye veranda na kitalu cha mboga. Hortense aliifungua midomo kuisema. Lakini Mama Élise aliinama, akashika pindo la kitenge, akalisugua kati ya vidole viwili.

"Hii kitenge nilinunua minye mwenyewe, kwa Mama Fatu, juma moja mbele ya Pasaka. Alifungula baloti mupya ya vitenge mbele ya macho yangu. Mutoto yangu alikuwa kule tangu miezi sita." Aliliachia pindo. "Njo nakuuliza tena. Fikiri muzuri mbele ya kujibu."

Mama huyu alijua tangu neno la kwanza. Alikaa ndani ya ukumbi akamsikiliza mwanawe akidanganya, akanyamaza ili asimwaibishe, na sasa alikuwa anangoja kuona kama Hortense naye atadanganya. Kila njia ilikuwa mbaya. Akisema ndiyo, ataingia kwenye nyumba ile kwa uongo ambao mwenye nyumba anaujua. Akisema hapana, huenda asiingie kabisa, na jina la mchawi litamfuata mpaka ziwani.

"Hapana, mama," alisema. "Sikuenda."

Akaeleza. Huko kwao ziwani, nyanya yake Alphonsine aliwafundisha wasichana wa familia kwamba mwanaume akivuka maji makubwa, shemizi, yaani shati, aliyovua siku ya kuondoka isifuliwe. Mwanamke wake hulala nayo mpaka arudi, ili maji yajue kwamba mtu huyo ana pa kurudi. Hortense alifanya hivyo, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake, na miezi sita hakuota kitu. Alipopewa kitenge, alikipenda mno hata akawa anajifunika nacho usiku, shemizi chini, kitenge juu. Na kuanzia juma la Pasaka, kila akilala alijikuta anatembea mahali penye upepo, nyuma ya Urbain, hatua kumi au kumi na mbili. Kule kulikuwa kweupe. Urbain alimweleza baadaye kwamba usiku wa Likasi ni mchana wa Wollongong, lakini wakati ule hakujua. Alidhani ni ndoto za mtu mwenye hamu. Asubuhi aliamka miguu imechoka, anakwenda kazini kufundisha watu kushona vifungo.

Mama Élise alisikiliza bila kusogeza hata kidole. Upepo uliyatikisa maua ya ukutani, maua machache yakaanguka kwenye zege.

"Kila muntu ameona mapicha," alisema mwishoni. "Weye pia umeona. Niambie kintu moja yenye haiko mu mapicha."

Hortense alifumba macho. Hakuhitaji kutafuta mbali.

"Siku ya ile tundu ya maji," alisema, "hakuwa anaangalia maji. Alipiga picha moja, akaenda kuikala ku banc. Alikuwa na barua. Karatasi ya mistari ya bleu, imekunjwa mara ine. Aliisoma, akaikunja, akaifungula tena, akaisoma. Machozi ilikuwa inatoka na hakupangusa. Kisha aliipasula vidogo vidogo, na ile upepo ya maji ikavibeba juu." Alifungua macho. "Sikuona nani aliandika. Nilitaka tu kumushika bega. Mukono yangu haikufika."

Mama Élise alitafuta kreti kwa mkono bila kuangalia, akaketi juu yake kama mama wa sokoni, yeye ambaye hakuwahi kuonekana ameketi pasipo kiti. 

"Ile barua ni yangu," alisema.

Aliisema polepole, kila neno likimtoka kwa shida. Aliiandika juma lile lile la Pasaka, mezani kwake, mlango umefungwa. Alimwambia Urbain amwache binti wa mvuvi, kwamba amekwisha kumpatia binti wa karani kutoka mtaa wa Panda, mwenye cheti na familia ya kueleweka, na kwamba yule wa ziwani atamuaga yeye mama mwenyewe kwa upole. Kitenge kilikuwa cha kumuaga. Urbain hakujibu barua hiyo, wala aliporudi hakuitaja. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyejua kwamba iliandikwa.

"Nilikupatia kitenge juu utoke mu maisha yake," Mama Élise alisema. "Kumbe minye njo nilikutuma kwake."

Hortense alimuogopa mama huyu miaka miwili, na sasa alimwona anamuogopa yeye, na hakulipenda hilo hata kidogo. Alipiga magoti kwenye zege, kitenge na yote, mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Sikuenda kwa kumufanya mubaya, mama. Na sikujua kama naenda."

"Najua." Mama Élise alipangusa mdomo kwa kitambaa. "Baba yake walimupeleka ku hospitali ya mbali. Siku kumi na ine. Alikufa peke yake, na ule usiku minye nililala muzuri mpaka asubuhi. Nililala, Hortense. Hakuna muntu alienda nyuma yake."

Ndani ya ukumbi Georges alikuwa amefungulia watu muziki, na mtu alikuwa anaburuta mabenchi. Mama Élise alisimama, akakung'uta sketi yake, akawa tena mwanamke yule wa mstari wa pili.

"Jumamosi tutaenda ku ziwa," alisema. "Minye mwenyewe nitasemea mutoto yangu mbele ya baba yako. Ile shemizi utaniletea kesho. Nitaifula na mikono yangu, na nitaianika ku jua. Na haya maneno hautaambia muntu. Hata padiri."

"Ndiyo, mama."

"Na simama. Unachafula kitenge."

Alirudi ndani bila kugeuka. Hortense alibaki ameshika bomba la maji kwa mikono miwili, kwa sababu ndicho kitu kilichokuwa karibu. Alilia kidogo, kwa furaha nadhani, ingawa yeye mwenyewe asingeweza kuapa. Alipoosha uso na kuinua kichwa, Urbain alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo.

Hakusogea karibu. Hilo Hortense aliliona mara moja. Mwanaume ambaye majuma matatu yaliyopita, kwenye kituo cha gari moshi, alimkumbatia mbele ya watu mpaka wazee wakakohoa, sasa alisimama umbali wa hatua sita, mikono mifukoni.

"Mama amekuambia nini?"

"Jumamosi munakuya kwetu."

Urbain alivuta pumzi, ikatoka kwa kukatika. Akauliza Hortense alimwambia mama nini mpaka akakubali. Hortense akasema alimwambia ukweli. Akatamani aulizwe ukweli gani, lakini Urbain alitazama chini, akasukuma jiwe kwa ncha ya kiatu.

"Na weye," Hortense akasema, "juu ya nini ulisema ya Mwadingusha?"

"Walikuwa wanakuangalia mubaya."

"Haukuniuliza hata kwanza kama ni minye."

"Sikukuuliza juu nilikuwa najua."

Akaanza kusema, na alisema akiutazama ukuta. Tangu Pasaka, kule, alikuwa anasikia viatu. Alikuwa akitembea bandarini asubuhi ya Jumamosi, mawe yamelowa, na nyuma yake viatu vya mwanamke, taratibu, si kwa haraka na si kwa kuchelewa. Akisimama, vinasimama. Juu ya mlima Keira, kwenye ngazi, alivihesabu hatua mpaka hatua. Wenzake wa chumbani waliuliza kwa nini anapenda kwenda mahali pale pale kila juma, yeye asiyependa bahari. Hakuwaambia kwamba alikwenda ili avisikie.

"Nilijua mwendo yako," alisema. "Unakokota muguu ya kuume kidogo ukichoka. Kule pia ilikuwa inakokota."

Miezi minne ya kutembea, miezi minne ya kuamka na nyayo zinazouma. Hasira ilimjia Hortense, na ilikuwa hasira ya mapenzi, ile isiyojua ipige wapi.

"Ulikuwa unasikia," alisema. "Nilikuwa nyuma yako kila siku, Urbain. Nilikuita ku bandari. Nilikuita pale ulikuwa unalia. Na haukugeuka. Hata mara moja haukugeuka."

"Niliogopa."

"Uliniogopa."

"Hapana." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Niliogopa nigeuke, nikute haiko weye."

Sauti ya Papa Augustin iliita kutoka upande wa barabara kwamba gari linangoja, kwamba mama anataka kwenda nyumbani, kwamba wachumba wataongea wakishaoana mpaka wachoke. Urbain alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akageuka, akashika njia nyembamba kati ya ukuta na makreti, yeye mbele na Hortense nyuma, kama walivyozoea kutembea wanaume na wanawake wote wa mji ule, bila mtu kufikiri.

Njia ilikuwa ya zege. Viatu vya Hortense vililia juu yake. Alikuwa amechoka, na alijisikia mwenyewe anaukokota mguu wa kulia. Mbele yake mabega ya Urbain yalikakamaa. Mwendo wake ukapungua, na wa Hortense ukapungua. Akasimama, na Hortense akasimama, hatua kumi nyuma yake, hakuthubutu kupumua.

Urbain alikaa hivyo, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango. Papa Augustin aliita tena. Urbain hakumsikia.

Taratibu sana, kwanza bega, kisha shingo, kisha uso wote, akageuka.

"Niko," Hortense akamwambia. "Twende."